Kinywa cha Kampuni

Mashua ya moshi ilipopasuka kwenye kona ya mto juu ya Garsen, wa kwanza kupata habari walikuwa nyani, na wa mwisho kukubali walikuwa wenye mashua. Ndivyo makampuni yalivyo. Mto mzima ulikwisha kuambiana kwamba lile pipa la chuma la kuchemshia maji limemuua mchochea moto wake, kijana Dukicha wa Golbanti, na Kampuni bado inasema pipa limevuja kidogo tu.

Msimamizi wa Kampuni, Shee, mtu wa Kipini mwenye maneno matamu, alimtafuta Buya, kaka yake Dukicha. Akamwambia Dukicha hakufa. Aliogopa ule mlio, akaruka majini, akaingia msituni, na sasa anaona haya kurudi.

"Atarudi mashua ikianza kazi," alisema Shee. "Lakini itaanzaje, na watu wanasema inakula watu? Nani atatupakilia mpunga wake? Kuwa kinywa chetu, Buya. Ukisema wewe, ndugu yake wa tumbo moja, nani atabisha?"

Buya alitaka kuamini, na mtu anayetaka kuamini hahitaji kusukumwa. Mwili haukuonekana. Mama yao alikuwa amekataa kuweka matanga na amekataa kucheka, anakaa tu na uso kama nyumba iliyohamwa. Asubuhi aliyoondoka Buya, mama alimshika mkono. "Niletee mwanangu, au niletee kifo chake," alimwambia. "Nimechoka kukaa katikati."

Basi Buya akaenda, na moyoni akajiambia kwamba habari za mashua zitakapofika mbali, zitamfikia na Dukicha huko alikojificha.

Alianza Kipini, kwa Mahadi mpiga mbiu. Mzee yule alikuwa na baragumu la pembe na kifua kipana, na mji mzima haukuamini jambo mpaka litoke kwake. Buya alimmwagia maneno yote: mashua haina makasia, inashusha mpunga kabla haujaota ukungu, haingoji upepo wala haichoki. Mahadi alisinzia.

"Mwanangu, mimi nina pumzi moya," alisema. "Lisilotosha pumzi moya si mbiu, ni hadithi. Watu wataka kuyua neno moya tu. Yauwa au haiuwi?"

"Haiui. Ndugu yangu yu hai."

"Ewaa! Hilo latosha."

Akatoka, akapuliza, na sokoni kila mtu akasimama na alichoshika. Dukicha yu hai! Mashua ya moshi yashuka na mpunga, Dukicha yu hai! Buya alisikia raha iliyompanda mpaka kooni. Jambo likishatangazwa kwa sauti kubwa namna ile, hata wewe uliyelipeleka unalisikia kama jipya.

Kutoka hapo akakata mbuga kwenda kwa Waorma. Tangu ule ugonjwa uliomaliza ng'ombe, hema zao zilikuwa zimetawanyika, lakini habari zao zilikuwa zikifika kila kisima upesi kuliko miguu ya mtu mwingine yeyote. Kwao Buya hakutaja mpunga. Alisema mashua itapandisha chumvi ya mifugo na nguo mpaka Garsen. Mzee Guyo alimsikiliza akichokonoa meno.

"Chumvi ni mzuri," alisema Guyo. "Lakini sisi hapana beba maneno ya masikio. Sisi nabeba ya macho. Watu nasema hii mashua naua kijana. Wewe, macho yako nimeona hii kijana hai?"

Huo ndio ulikuwa utaratibu wao. Habari isiyo na macho haikuvuka ua wa boma. Vijana walikuwa wamekwisha kusimama na mikuki yao, tayari kwenda visimani, wakingoja neno moja. Buya aliona chumvi, akaona mashua, akaona mama yake. Akasema, "Nimemwona."

"Wapi?"

"Garsen. Hajambo."

Guyo akatikisa kichwa kukubali, na vijana wakaondoka kila mmoja na njia yake. Darmi, mkewe Guyo, akamletea Buya maziwa katika kibuyu, akasimama akitazama nyuma ya bega lake.

"Na ile mwenzako hapana kunywa?" aliuliza.

Buya aligeuka. Palikuwa na vumbi tu, na jua la saa nne. Lakini tangu hapo njiani hakutembea peke yake. Akisimama, kulikuwa na hatua moja iliyochelewa kusimama. Mara nyingine alisikia harufu ya kuni mbichi zinazochomwa, na hapakuwa na moto popote. Aliogopa, nami simlaumu, ingawa kwa uongo wenyewe namlaumu.

Mahali pa mwisho palikuwa nyumbani Golbanti. Shee aliwahi kusema watumie kengele ya misheni, akaambiwa ile huita watu kwenye sala tu. Lakini kando ya mto kulikuwa na sauti iliyopita kengele. Mpunga ulikuwa umeanza kushika punje, na wanawake walikuwa juu ya malingo, yale madungu ya miti, wakiamia ndege kwa makombeo na kelele. Neno likitoka ulingo mmoja lilidakwa na wa pili, na kabla jua halijasogea limefika Garsen.

Mwanaarusi, jirani ya mama yake, alimsikiliza akiwa juu. "Sisi hatuiti mashua, baba," alimwambia. "Tunaita mtu. Na tukiita mtu lazima jibu lirudi, hata kama ni la kusema hayupo. Ndiyo maana marehemu haitwi shambani. Nani atamwitikia?"

"Basi mwite Dukicha. Mwambie mama anamwita, apande mashua ya moshi aje nayo."

Mwanaarusi aliweka kombeo lake chini. "Yu hai kweli?"

"Nimemwona." Mara ya pili neno halikumkwama hata kidogo.

Mwanaarusi akavuta pumzi, akaita. Jina likaruka kwenye ulingo wa pili na wa tatu, likapita ulingo wa mama yake mwenyewe, ambaye alisimama na kuliita kwa sauti ambayo Buya hakuwa ameisikia tangu msiba, likapotea kwenye kona ya mto. Ndege walishuka wakala. Hakuna aliyewafukuza. Kisha jibu likaanza kurudi, ulingo kwa ulingo, kutoka ule wa mwisho ambao mbele yake hakuna shamba, ni msitu tu na pale mashua ilipopasukia.

"Naja!"

Mama akashuka chini akilia na kucheka, akauacha mpunga wake kwa ndege.

Siku mashua iliyotengenezwa iliposhuka, ukingo wa Golbanti ulijaa watu na vikapu. Waorma walikuja kuulizia chumvi. Shee alimpiga Buya begani mpaka mkono ukamuuma. Mama alisimama mbele kabisa, amejifunga nguo yake nzuri, na kila aliyeshuka alimtazama usoni. Wote waliposhuka, alinyoosha mkono kama anayempokea mtu mzigo, akageuka akaenda nyumbani akizungumza taratibu.

Buya alimfuata mchochea moto mpya, mtu wa juu ya mto aitwaye Hiribae, mpaka kwenye rundo la kuni. "Ni nyinyi mlioitikia siku ile Dukicha alipoitwa?"

"Siku ile tulikuwa mbali, tunakata kuni," Hiribae alisema. Aliangalia mikono yake. "Wewe ndiye kaka yake? Kwani hawakukwambia? Maji ya moto yalimchubua mwili mzima. Nilimzika mwenyewe, pale pale kwenye kona. Bwana Shee alikuwepo."

Buya alimwendea Shee, akiwa hana hata nguvu ya kumpiga. Shee aliwatazama watu wakipakia. "Mashua imejaa, Buya," alisema. "Unataka niwashushe?"

Basi yule kinywa cha Kampuni akaanza safari ya kuyarudisha maneno yake. Mahadi alimwonea huruma, lakini baragumu hakulishika. "Mbiu haina ndia ya kurudi," alisema. "Leo nilie yu hai, kesho nilie amekufa, nikilia moto nani atakayetoka?" Guyo aliuliza lile lile alilouliza mwanzo: macho yako imeona yeye nakufa? Buya akakimbilia kwenye kona ya mto alete walau mfupa. Mto ulikuwa umefurika na ukingo ule wote umekwenda na maji. Mwanaarusi alijifunika mdomo kwa nguo. "Ameitwa, akaitika," alisema. "Aliyeitika hatuwezi kumzika, baba."

Alifika nyumbani mchana. Aliapa njiani kwamba mama yake atamweleza ukweli yeye mwenyewe, japo dunia nzima imkatae. Ilikuwa haki ya mama. Alikuwa ameiomba kwa kinywa chake. Alimkuta jikoni anakoroga uji, amerudisha mwili, nywele amesuka upya. Wali ulikuwa umepakuliwa kwenye bakuli tatu.

"Mama," alisema kwa nguvu, kwa sababu asingesema kwa nguvu asingesema kabisa, "mama, Dukicha amekufa. Alikufa siku ile ile. Mimi ndiye niliyedanganya."

Mama hakushtuka. Aliangalia chumbani, mlango ulikuwa wazi kidogo, na humo mlitoka harufu ya kuni mbichi. Akaweka kidole mdomoni.

"Sema taratibu," alisema. "Ndugu yako ndiyo kwanza amepata usingizi."

Na Buya akashusha sauti.