Chungu cha Makaa Chini ya Chatu

Binti yangu Phiona alinipigia simu saa moja asubuhi kuuliza hali ya nyoka wake, nami nikamjibu kwa majivuno ya mtu asiyejua kwamba ameshaharibu kila kitu.

"Kilo iko raha sana," nikamwambia. "Tangu juzi inalala tu pale kwa moto. Haitoki hata kidogo."

Phiona akanikatiza.

"Moto gani, baba?"

Nieleze kidogo, maana mtashangaa mzee wa Pajulu ana shughuli gani na nyoka. Kilo ni chatu mdogo, wa aina ile inayojiviringisha kama mpira ikiogopa, na siku Phiona alipompima mara ya kwanza alikuwa na kilo moja kamili. Phiona ni mwalimu wa baiolojia huko Koboko. Ana kibali cha kumfuga, na humpeleka darasani ili watoto waache kuua kila nyoka wanayemwona. Miaka miwili iliyopita nilimkuta chatu huyo chumbani kwa Phiona, humu humu nyumbani kwangu. Sikuuliza chochote. Nililitupa sanduku lake uani, mvua inanyesha, nikamwambia binti yangu achague: nyoka au baba. Alichagua papo hapo. Hata kwenye misa ya kumkumbuka mama yake hakuja.

Kwa hiyo Agosti hii, alipoingia uani kwangu na sanduku mikononi, akasema mwenye nyumba wake anabadilisha paa na Kilo anahitaji pa kukaa wiki mbili, nilijua ananipa nini. Rafiki yake Daniella anaishi huko huko Koboko, ana chumba cha ziada na umeme. Angeweza kumpeleka kwake, lakini akaniletea mimi. Machozi yalinilenga, nikaishia kusema, "Weka pale."

Chini ya sanduku, upande mmoja tu, alibandika mkeka mwembamba wa umeme. Waya wake aliupitisha kwenye kifaa kidogo kinachozima umeme joto likizidi. Upande wa pili aliuacha baridi, nyoka ahamie huko akitaka. Akaniachia kipimajoto na karatasi ya maelezo, na mstari wa mwisho ulisema hivi: umeme ukikatika, jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa taulo, iweke upande mmoja, badilisha maji yakipoa.

Chupa! Mimi nimelea vifaranga miaka ishirini na mitano. Mvua za Agosti zikiwaua wa wenzangu, wangu mia nane wanadonoa kama kawaida. Ninatumia chungu cha udongo chenye makaa yaliyofunikwa majivu, na sijawahi kuhitaji kipimajoto. Vifaranga wakirundikana karibu na chungu, wanasikia baridi. Wakikimbilia ukutani, joto limezidi. Wakitulia, nakwenda zangu kunywa chai. Leo nifundishwe joto na chupa ya soda?

Jumatatu upepo uliangusha nguzo ya umeme. Nikaliinua sanduku juu ya matofali, nikaweka bati chini yake, na chini ya bati nikasukuma chungu changu. Kipimajoto nilikitundika ubavuni mwa sanduku, ndani, kikasoma ishirini na tisa. Kilo akasogea taratibu, akajiviringisha juu ya chungu, akatulia. Alitulia siku mbili. Nilijiambia huyu ni kifaranga mrefu tu, hana jipya.

"Baba," Phiona alisema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Toa moto. Sasa hivi. Halafu weka mukono yako chini, pale iko inalala."

Nilivuta chungu, nikaingiza mkono. Sikuweza kuuacha pale hata kwa pumzi moja.

"Iko moto," nikasema.

"Nyoka hapana kimbia moto ya chini kama kuku. Inaungua na inalala tu. Geuza yeye, baba. Angalia tumbo."

Sijawahi kumgusa nyoka maishani mwangu. Nilimshika kwa mikono miwili, nikamgeuza. Magamba ya tumbo, yaliyokuwa meupe, yamekuwa ya kahawia, na katikati yamevimba maji. Nilitaka kumdanganya Phiona. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: tumbo iko sawa, usiwe na wasiwasi. Nikaumeza.

"Imeungua," nikasema. "Urefu ya viganja mbili."

Nilimsikia akivuta pumzi. Afadhali angenitukana.

"Usipake mafuta. Usipake kitu. Leta yeye Koboko, daktari ya wanyama iko hapa. Lakini baba, isipate baridi. Ikipata baridi na hii kidonda, inakufa kwa njia."

Nilimtia Kilo ndani ya foronya safi, foronya ndani ya kikapu. Ile chupa niliyoidharau niliijaza maji ya moto, nikaifunga taulo, nikaiweka kando yake. Nikakimbia kwa Onzima, jirani mwenye pikipiki. Akauliza nimebeba nini. Nilipomwambia, akashuka kwenye pikipiki yake mwenyewe.

"Mzee Aliga, hapana. Hiyo kitu hapana."

Nilipiga magoti. Kwenye matope, mbele ya wateja wangu wa mayai, mtu mzima nimepiga magoti.

"Simama, mzee, watu wanaona," Onzima akasema, akitazama pembeni kwa aibu. "Panda. Lakini ikigusa mugongo yangu, sisi wote tunaingia kwa mutaro."

Mvua ilianza tulipoingia barabara ya Koboko. Kabla hatujapita kijiji cha Ombaci nilitia mkono kikapuni, chupa imeshapoa. Foronya nayo ilikuwa baridi, na ndani yake hakuna kilichotikisika. Nilifungua vifungo vya shati, nikamtia Kilo ndani, foronya na yote, juu ya tumbo langu mwenyewe, nikafunga koti juu yake. Kikapu nilikitupa njiani. Nilimwomba Mungu, nikamwomba na marehemu mke wangu Monique, yule Mkongomani wa Ariwara aliyetufanya sote tuongee Kiswahili nyumbani. Halafu nikamwomba nyoka. "Usife," nilimwambia, mdomo ndani ya kola. "Ukikufa, mimi sina mutoto tena." Mbele kidogo Kilo alijikaza taratibu mbavuni mwangu, nami nikalia kwa sauti. Onzima alidhani nimeumwa, nusura atuangushe.

Phiona alikuwa mlangoni kwa daktari, amelowa. Mwenyewe alifungua koti langu, akamtoa Kilo, hakunitazama usoni. Daktari alisafisha kidonda, akapaka dawa, akasema hawezi kuahidi lolote. Akijivua ngozi mara mbili tatu, huenda akapona. Asipoanza kula mwezi ujao, tujiandae.

Tukampeleka kwa Daniella, kwenye sanduku safi lililotandikwa karatasi. Phiona alibandika mkeka upande mmoja, akakipachika kitambuzi cha joto cha kile kifaa cha kuzima umeme sakafuni kabisa, pale tumbo litakapolala, tukasubiri saa nzima. Kisha, bila kugeuka, akanipa kipimajoto.

"Pima, baba."

Nilikilaza sakafuni, safari hii sikukitundika popote. Nilingoja namba zitulie. "Upande ya joto, thelathini na moja," nikasema. "Upande ya baridi, ishirini na sita."

Alinyoosha mkono, akakichukua, akapima upya mwenyewe. Upande huu, kisha ule. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kama mtu anayerudia kazi ya mwanafunzi asiyemjua.

"Thelathini na moja," akasema. "Ishirini na sita. Iko sawa."

Nikajikaza nikauliza. "Kilo ikipona, utaleta tena Pajulu? Hata siku moja tu?"

Alikuwa akinyoosha karatasi ambayo ilikuwa imenyooka tayari.

"Vifaranga yako," akasema, "nani iko naangalia sasa?"

"Santa, muke ya Onzima."

"Basi rudi mapema, baba. Mvua itakukuta kwa njia."

Mvua ilikuwa imekatika kitambo, na jua la saa sita lilikuwa limejaa mlangoni. Nilisema ndiyo, nitarudi mapema, nikaanza kufunga vifungo vya shati langu.