Moshi wa Kanzu ya Fadhul

Ijumaa ya pili ya likizo, vyombo vya asubuhi vilipokwisha kuoshwa, Haboba Jalia aliloweka chupa tano za jemu katika beseni la maji ya moto yenye majivu kidogo, ili karatasi zake zibanduke bila kuacha ute. Haboba ni bibi kwa Kinubi, na ndivyo walivyomwita wajukuu wake wawili, Shifa wa miaka kumi na Fahim wa miaka sita. Nyumba yao ipo Luzira, upande unaoteremka kwenda ziwani: vyumba vitatu, baraza la simenti, na kamba ya nguo iliyofungwa mara mbili kwa sababu fundo la kwanza halikuaminika.

Shifa alikuwa ameona katika simu ya mama yake namna ya kutengeneza taa za chupa. Unapaka gundi ndani, unabandika vipande vya karatasi laini za rangi, unanyunyiza unga wa kumetameta, unaacha ikauke, kisha unatia mshumaa. Karatasi walikuwa nazo. Zilikuwa zimefungiwa viatu vya Idi ambavyo baba yao aliwanunulia, na Haboba alizikunja akaziweka chini ya godoro, kwa kuwa yeye hatupi karatasi isiyochanika. Gundi ilikuwa ya shule. Mshumaa haukuwapo. Mishumaa ilikwisha wiki ile umeme ulipokatika siku tatu.

Siku hiyo ilikuwa ya thelathini na nne tangu Fadhul achukuliwe. Fadhul, mwana wa Haboba na baba wa watoto hao, alikuwa dereva wa taksi ya abiria. Gari jeupe lisilo na namba lilisimama pale stegi, kituoni mwa taksi, wanaume wanne wakashuka, mmoja akamwambia avue kofia, wakaondoka naye. Kofia ilibaki juu ya usukani. Kosa lake halikutajwa. Waliokuwapo walikubaliana baadaye kwamba hawakuona vizuri, ingawa ilikuwa saa tano asubuhi na jua kali.

Katika ukoo wa Haboba, nguo za mtu aliye mbali haziachwi zikalala tu. Kila Ijumaa hufukizwa udi, ili mwenyewe akirudi asizikute zina harufu ya kabati. Kwa hiyo, watoto walipokuwa wakichana karatasi barazani, Haboba alitandaza kanzu nyeupe ya Fadhul juu ya kitenga kilichofunikizwa juu ya chetezo, akatia udi na sukari kidogo juu ya makaa. Moshi ulipanda ndani ya kanzu, ukajaza kifua, ukatokea mikononi.

Shifa aliutazama moshi ukitoka kwenye mkono wa kulia. Akachukua chupa yake, ambayo gundi ilikuwa bado mbichi, akaikinga pale mpaka ikajaa, akafunga kifuniko. Alifunga kwa sababu Haboba alimfundisha kwamba kitu chenye harufu nzuri hakiachwi wazi.

Moshi ulizunguka kidogo, ukatulia katikati ya chupa, ukawa wa manjano. Kisha ukawaka.

"Haboba, inawaka," Fahim alisema.

"Gundi haijakauka. Shikeni kwa chini, msiache alama za vidole."

Walijaza zile chupa nne zilizobaki kwa moshi wa nguo nyingine: baibui la Nusura, mama yao, ambaye asubuhi hiyo alikuwa Ggaba kununua samaki wa kukaanga; sketi ya Shifa; kaptula ya Fahim; leso ya Haboba mwenyewe. Chupa hizo ziliingia weusi tu. Zikaoshwa upya.

Nusura aliporudi na ndoo yake alikuta chupa ipo juu ya kabati la vyombo. Aliiangalia bila kutua ndoo. Taa ilipepesa mara tatu upesi upesi, ikatulia.

"Huyo ni yeye," alisema. "Anakohoa hivyo hivyo."

Na kweli ilikuwa na tabia zake zote. Alfajiri taa ilizidi kung'aa, lakini dakika kumi baada ya adhana, maana Fadhul hakuwahi kuamka kwa mwito wa kwanza. Jirani akiwasha redio ya mpira, ilichangamka. Ila kila siku, kuanzia saa moja na nusu jioni, mwanga ulishuka ukakaa chini ya chupa kama machicha ya chai, ukawa unatetemeka, na haukupanda mpaka saa mbili na nusu. Siku ya kwanza Haboba alitazama lile jambo mpaka mwisho. Siku ya pili aliwageuza watoto wakae wakitazama mlango.

"Baba yenu anapumzika," aliwaambia.

"Mbona akipumzika anatetemeka?" Fahim aliuliza.

"Kula, mwanangu."

Siku ya arobaini alikuja Mzee Abdul-Latif, kaka yake marehemu mume wa Haboba. Alikuja na turubai, viti hamsini, masufuria mawili na mbuzi. Alikuwa amezungumza na shehe na jamaa wote, na wote waliona ni afadhali Fadhul asaliwe sala ya asiyekuwapo, watu wamuombee, Nusura aanze eda yake, mambo yajulikane. Vijana walikwisha kusimamisha nguzo mbili za turubai Haboba alipotoka.

"Shemeji, ingia kwanza unywe chai."

"Chai baadaye, Jalia. Watu watakuja saa nane."

"Ingia."

Aliingia. Akaonyeshwa chupa. Aliisogelea akavaa miwani, akaivua, akaisafisha kwa pindo la kanzu, akaivaa tena. Taa ilipepesa mara tatu.

"Basi yupo," alisema Mzee Abdul-Latif.

"Yupo."

"Na hajaacha sigara, mjinga huyu. Nilimwambia kile kikohozi." Akakaa. Akanywa vikombe viwili. Kisha akatoka nje kuwaambia vijana washushe nguzo, na aliyekodisha viti akagomba sana kwa kuvunjiwa siku. Mbuzi alibaki, akala nusu ya pazia la jikoni kabla hajafungwa vizuri.

Jumatatu Haboba aliifunga chupa katika kanga, akapanda taksi kwenda kwenye ile ofisi ya usalama ya mlimani, yenye ukuta wa kijani. Alikuwa amekwenda mara tano kabla ya hapo kumuulizia Fadhul. Siku hizo zote alipokewa na kijana mmoja aliyeitwa Bonny, mwenye koti lililoning'inizwa nyuma ya kiti na kikombe cha karanga mezani. Bonny hakuwa mtu mbaya wa maneno. Alimpa kiti kila mara, na kila mara alikifuta kwanza.

"Hajati, umerudi," alisema.

"Nimerudi, mwanangu. Umeamkaje?"

"Mzuri. Lakini habari ni ile ile. Nimeangalia kitabu yote. Jina ya huyo mtu hakuna. Sisi hatuna yeye."

Haboba alifungua kanga, akaiweka chupa mezani kando ya karanga. Bonny aliinama kuiangalia.

"Hii ni kazi safi. Nani ametengeneza?"

"Mjukuu wangu. Gundi aliizidisha maji, ndiyo maana hapa pana mikunjo."

"Mikunjo siyo mbaya. Inaleta kama maua."

Wakiwa wanaitazama, mwanga uliinama. Uliacha katikati ya chupa ukaenda kuegemea upande mmoja, ukabanana na kioo. Upande huo ulielekea mlango wa chuma uliokuwa nyuma ya Bonny. Bonny aliishika chupa kwa vidole viwili akaizungusha. Mwanga ukazunguka nao, ukaegemea tena mlango. Akaihamishia mwisho wa meza. Ukaegemea mlango.

"Ni upepo," alisema.

"Kifuniko kimefungwa."

"Hajati, ile mlango ni ya stoo. Iko na karatasi na viti zilizovunjika."

"Basi nifungulie nikione kiti changu."

Bonny alicheka kidogo, akaacha. Aliinuka, akasogeza kiti chake nyuma mpaka kikagusa ule mlango, akakaa tena. Sasa alikuwa mbali na meza, akawa anaandika akiwa amenyoosha mkono. Haboba, ambaye shule aliishia darasa la tano lakini macho yake ni mazima, alisoma maandishi yale yakiwa juu chini: chupa moja, inawaka.

"Na jina la Fadhul?"

"Chupa naandika, kwa sababu nimeiona na macho yangu. Jina siwezi. Rudi wiki ijayo."

Kwenye benchi la nje alikuwapo mwanamke aliyeitwa Amito, ambaye mwanawe, Tarcisio, alichukuliwa kwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Walikuwa wamekalia benchi hilo pamoja wiki nyingi, wakigawana ndizi. Amito aliuliza chupa imetengenezwaje, na Haboba akamweleza yote, hadi kiasi cha maji katika gundi. Amito hakuwa na udi. Alitumia mafuta ya kunukia ya kwao kaskazini, akafukiza shati la kazi la Tarcisio lenye matundu ya cheche. Moshi wake ukawaka chupani mara moja. Tarcisio alikuwa na mwanga wa buluu.

Kutoka kwa Amito wakajifunza wengine. Haboba hakumnyima mtu. Ilipofika mwezi wa tatu tangu Fadhul achukuliwe, tangazo lilibandikwa getini kwamba simu na chupa haziingizwi ndani, ziachwe kwa askari. Kuanzia hapo wanawake walizipanga juu ya ukuta wa kijani, kumi na tisa siku nyingine, siku nyingine ishirini na mbili, na zote ziliegemea upande mmoja, kama watu walio kwenye safu wakisubiri imamu atoe salamu. Balbu ya getini ilikuwa imeungua tangu zamani. Askari walisogeza meza yao ya karata chini ya ukuta, wakasema sasa wanaona vizuri hata kukiwa na mvua.

Alhamisi moja, saa sita mchana, chupa ya Amito ilizimika. Wengine walikuwa wakiongea juu ya bei ya mkaa. Amito alinyanyuka kwenye benchi, akaigonga kidogo kwa ukucha, kama mtu anayeamsha saa ya ukutani. Akaitikisa. Akaigusa shavuni. Kisha akaingia ndani bila kuitwa, na Haboba akamfuata akimshika kiwiko.

"Afande, mwanangu amekufa sasa hivi," Amito alimwambia Bonny. "Niandikie. Nipe mwili wake nimpeleke nyumbani."

Bonny aliinuka. Alimpa kiti, akakifuta. Akamletea maji, na yalikuwa ya baridi, ya kwenye friji.

"Pole, mama. Pole sana. Lakini huyo mtu sisi hatujawahi kuwa naye. Mtu ambaye hatuna, hawezi kufa kwetu."

"Basi amefia wapi?"

Bonny alifungua kitabu, akatafuta ukurasa, akasoma kwa uangalifu mpaka chini. Kiti chake kilikuwa bado kimegusa mlango.

"Hapa kuna chupa tu," alisema. "Ninaweza kuandika kwamba imezimika."

Akaandika. Amito alikunywa yale maji yote, akashukuru, akatoka. Chupa hakuichukua. Wiki iliyofuata Haboba aliiona kwenye meza ya askari, imeoshwa rangi yote, imetiwa sukari.

Sasa ni mwaka wa pili. Haboba huenda mlimani kila Jumatatu, na Bonny bado anafuta kiti. Shifa anajiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Umeme Luzira unakatika kama kawaida yake, lakini yeye hakosi mwanga wa kusomea; chupa hukaa kwenye meza ndogo, na mikunjo ya gundi huchora maua mekundu juu ya daftari lake. Kona ya karatasi iliyoanza kubanduka aliirudishia mwenyewe, kwa nje, kwa sababu chupa haifunguliwi.

Saa moja na nusu jioni mwanga unaposhuka, Shifa hufunga daftari. Nusura hutandika mkeka na kuleta samaki na posho, ugali wa mahindi. Haboba huondoa kawa la ukili wa rangi, lile ambalo Wanubi hulisuka wenyewe, na wote wanne hukaa wakitazama mlango. Wanakula wakati huo kwa kuwa hakuna kingine kinachoweza kufanyika. Majirani husema nyumba ile ina nidhamu, hata chakula chao kina saa.

Zamani kidogo Fahim alikuwa akila upesi sana, anameza bila kutafuna, mpaka Haboba akamuuliza anakimbilia wapi. Akasema tukimaliza mapema, labda na wao watamaliza mapema. Haboba hakumkataza. Walijaribu usiku mmoja, wote pamoja, Nusura akaondoa miiba ya samaki kabisa jikoni ili isicheleweshe. Saa mbili kasoro kumi mkeka ulikuwa umekwisha kukunjwa na sahani zimeoshwa. Wakakaa. Mwanga ulipanda saa mbili na nusu.

Siku hizi Fahim anakula kama watu wengine.

Jana kulikuwa na samaki mkubwa, naye akauliza kama anaweza kuongezewa kichwa. Akaongezewa. Nyuma yao chupa ilikuwa ikigonga meza kidogo kidogo, kwa kule kutetemeka, na Nusura akanyoosha mkono bila kugeuka, akaingiza leso chini yake. Saa mbili na nusu maua yalirudi ukutani. Taa ikakohoa mara tatu, ikaegemea upande wake. Shifa akanawa mikono, akasogeza daftari kidogo kuelekea mlimani, ambako mwanga ni mwingi zaidi, akaendelea na hesabu za sehemu.