Mlango wa Kuazima

Saa mbili na nusu asubuhi Mama Siri alikuwa amepiga magoti, akichomeka vipande vya kadibodi chini ya mlango usio na bawaba. Jirani yake, fundi seremala, aliuzuia kwa bega huku akihema.

"Utasimama, ila usiuguse," fundi alisema. "Na saa sita mwenyewe anakuja kuuchukua, ni oda ya watu hii."

"Saa sita nitakuwa nimeshamalizana na mkaguzi. Amesema atafika saa tatu."

"Wakaguzi na saa tatu wapi na wapi."

Jina la Mama Siri alipewa na majirani. Kazi yake ilikuwa kusikiliza sauti za madaktari kwenye kompyuta na kuziandika ziwe faili za wagonjwa, na alipoulizwa leo nani anaumwa nini, alijibu kuwa hajui. Zamani kazi hiyo aliifanyia ofisini, ghorofa ya tatu, mlinzi mlangoni. Kampuni ikaona kodi ya ofisi ni mzigo, ikafunga, ikawaambia wafanyakazi wakafanyie kazi majumbani. Umeme wao, kiti chao, bando lao, na bando lenyewe lilikuwa limepanda bei mara mbili mwaka huo. Mshahara ukabaki palepale. Halafu ikaja barua: kila mfanyakazi awe na chumba cha peke yake chenye mlango wa kufungwa kwa ufunguo, kwa gharama yake, la sivyo mkataba unavunjwa. Wamekunyang'anya ofisi, kisha wanakudai ofisi.

Yeye alikuwa na vyumba viwili vilivyotengwa na pazia. Mumewe alipunguzwa kiwandani mwaka uliopita na sasa aliamkia vibarua. Siku nyingine alipata, nyingi alikosa. Nyumba nzima ilikula mkataba huo. Kwa hiyo pazia likakunjwa, na mlango wa watu ukasimamishwa mahali pake.

Ulinzi wa kweli wa nyumba hiyo ulikuwa mamamkwe. Mkwewe akishavaa tu vifaa vya masikioni, bibi huyo hubeba kigoda, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha nje na kumrudisha kila mtu. Mwaka mzima hakuna aliyempita, hata mwanawe wa kumzaa.

Mkaguzi alifika saa sita kasoro robo, kitambulisho kifuani na fomu mkononi.

"Mimi ni mkaguzi wa usalama wa taarifa," alisema.

"Subiri hapo, baba," mamamkwe alimjibu kutoka kwenye kigoda. "Mkwe wangu yuko kazini, na akiwa kazini haingii mtu."

"Mama, mimi ndiye niliyetumwa kuangalia kama watu wanaingia."

"Ndiyo maana nakwambia subiri."

Mama Siri alisikia, akatoka mbio kumkaribisha. Mkaguzi aliingia akiwa amenuna. Akautazama mlango. "Mlango upo," akasema, akaweka alama ya vyema. "Ufunguo?"

"Uko kwa fundi," Mama Siri alijibu.

Mkaguzi akatoa simu. Akapiga picha dirisha, akapiga meza, na kabla Mama Siri hajaiwahi kompyuta kuifunika, akaipiga nayo. Vidole vyake vikacheza kidogo kwenye simu, kisha akairudisha mfukoni.

Hapo fundi akakohoa nje. Nyuma yake alikuwa mwenye mlango na mkokoteni wake.

"Jirani, nisamehe," fundi alisema akiangalia chini. "Nimejaribu kumchelewesha, hataki."

Wakaingia, wakaubeba. Mkaguzi alibaki ameshika kalamu, akiutazama mlango aliokwisha kuuwekea vyema ukitoka nje kichwa mbele. Mamamkwe alijizuia kucheka, ikamshinda.

"Huu ni udanganyifu," mkaguzi alisema.

"Ni kweli, nimekudanganya," alisema Mama Siri. "Liandike. Lakini kwanza futa ile picha ya kompyuta. Ina jina la mgonjwa na majibu yake."

Mkaguzi akaitoa simu, akaitazama picha, akaikuza. Uso ukambadilika. "Nimeshaituma kwenye grupu la wakaguzi. Ni ya kikazi tu."

"Mko wangapi humo?"

"Arobaini na kitu."

"Ifute."

Akabonyeza. "Nimefuta. Ila kumi na saba walishaiona." Sauti ikalainika. "Sikiliza, dada. Mimi sikuona mlango ukitoka. Na wewe hukuona picha. Kazi yako inabaki, na yangu inabaki. Tatizo liko wapi?"

Mama Siri alitamani kukubali. Tusidanganyane, neno ndiyo lilishafika kwenye ncha ya ulimi. Lakini faili lile alikuwa ameliandika muda si mrefu kwa vidole vyake mwenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na minne, na daktari alikuwa ameongeza kwamba mgonjwa anaomba mumewe asijulishwe kwanza, atamwambia mwenyewe akipata nguvu. Mmoja wa hao kumi na saba angeweza kuwa shemeji wa mwalimu huyo. Hasira ilimpanda Mama Siri. Mwaka mzima bibi wa watu anakaa juani kulinda siri hizi, na huyu kazimwaga kwa kidole kimoja.

"Hiyo fomu yako haina namba ya kuripoti taarifa zikivuja?"

"Iko hapo chini, lakini..."

Mama Siri akaichukua fomu mkononi mwa mkaguzi, akaipiga namba hiyo kwa simu yake, akaweka sauti ya nje.

"Dada, fikiria," mkaguzi alinong'ona. "Wataanza na wewe."

"Najua. Waanze."

Simu ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya kuchoka.

"Naripoti taarifa za mgonjwa zimevuja," Mama Siri alisema. "Zimevujia hapa ninapofanyia kazi, nyumbani."

"Sababu ni mwanafamilia, mgeni au wizi?"

"Mkaguzi wenu. Amepiga picha kompyuta, ameituma kwenye grupu."

"Hiyo haimo kwenye orodha yangu."

"Iongeze. Na huyo mgonjwa aambiwe leo, ana haki ya kujua."

"Mtoa taarifa anaweza kubaki bila jina," mwanamke alisema taratibu, kama mtu anayejua yanayowapata wanaojitaja. "Au unataka kutaja namba yako ya kazi? Taarifa isiyo na namba huwa haifunguliwi faili."

Mkaguzi alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana. Mama Siri aliisogeza simu karibu na mdomo, akaitaja namba yake tarakimu moja moja, kisha akamwomba yule mwanamke amsomee tena, ahakikishe hakukosea.