Jina la Kati

Vumbi la Goba halipigi hodi. Linaingia tu, jekundu, bila haya: kwenye mapazia, kwenye vikombe vilivyofunikwa, kwenye kioo cha dirisha la sebuleni. Bi Mwajabu hukifuta kioo hicho asubuhi na jioni, huku akilisema lile vumbi kama anavyomsema jirani asiyerudisha sufuria.

Driss, mkwe wake, yeye hupiga hodi. Ni Mmoroko, mtu wa Safi, mji wa wafinyanzi kando ya bahari nyingine, na huu ni mwaka wake wa nne ugenini. Kibali chake cha ukaazi kinaisha tarehe thelathini. Munira, mkewe, ana mimba ya miezi minane. Driss asipopata miadi ya ofisi ya uhamiaji kabla ya siku hiyo, itabidi atoke nchini, akasubiri huko nje, na mtoto atazaliwa baba yake hayupo. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, wala si jingine.

Miadi inaombwa kwa simu, na nyumbani mtandao haushiki. Basi kila alfajiri Driss hupanda kilima, husimama chini ya simtanki la jirani, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Hodi. Nafasi zimejaa. Hodi. Jaribu baadaye. Alivyokuwa mpole na ile simu, ungedhani anabembeleza mtoto alale.

Siku ya tano nafasi ikaonekana, ila fomu ikagoma. Ilitaka jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo, na pasipoti yake ina mawili tu. Kwao ndivyo ilivyo. Akateremka mbio hadi nyumbani, akaandika kwa kidole kwenye vumbi la kioo ili waone wenyewe: Driss, kisha pengo, kisha Benhima.

"Mtu mzima na pengo katikati!" Bi Mwajabu akashangaa. "Si uweke Mwinshehe? Baba yako wa huku ndiye huyo."

Mwinshehe alikuwa mumewe, marehemu sasa ni mwaka wa tatu. Ndiye aliyempokea Driss siku ya posa, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akaketi mkekani.

Driss akalijaza lile pengo pale kiooni, herufi moja moja. Akapanda tena kilima, na fomu ikapita. Jioni hiyo Bi Mwajabu akapika mkate wa kumimina, na nyumba nzima ikanukia iliki.

Siku ya miadi, karani, dada mmoja aitwaye Anastasia, akasoma fomu, akasoma pasipoti, akairudia fomu.

"Kaka, huyu Mwinshehe ni nani?"

"Baba yangu."

"Kwenye pasipoti hayupo."

"Hayupo," Driss akasema.

Karani hakuwa mkali. Akamweleza taratibu kwamba asiye na jina la kati huweka kistari. Lakini majina yasiyolingana hawezi kuyapokea, na miadi itabidi iombwe upya. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Bi Mwajabu alipopata habari alilia. "Nimekuponza, mwanangu. Mie na kiherehere changu!"

Driss akapiga magoti, akamshika mikono. Alitaka kumwambia kwamba tangu aondoke kwao hajapewa kitu kikubwa kama lile jina. Kiswahili chake, hodari sokoni, hapo kikamkimbia. "Usilie, mama," ndiyo yote aliyopata.

Akarudi kilimani. Siku moja, siku mbili, siku sita. Hodi. Hodi. Ya saba ikafunguka: tarehe ishirini na nane. Kidole kikasita juu ya lile jina, maana kulifuta ilikuwa kama kumwinua mzee kutoka kwenye kiti chake. "Nisamehe, baba," akanong'ona. Akalifuta, akaweka kistari.

Na tarehe ishirini na nane Anastasia akasoma fomu, akasoma pasipoti, akagonga muhuri. Baba atakuwepo.

Driss alirudi alasiri akakuta nyumba imepigwa usafi kila pembe, mapazia yamekung'utwa, vikombe vinang'aa. Kioo peke yake kilikuwa vilevile. Vumbi la siku zote hizo lilikuwa limeanza kuzifukia zile herufi, na Bi Mwajabu alisimama kando yake, kitambaa begani.

"Hicho nimekiacha," alisema.

Driss akanyoosha kidole, akalipitia upya jina la kati, polepole, mpaka herufi ya mwisho. Jua likapenya kwenye ile michirizi, likamwangukia Munira tumboni pale mkekani alipoketi. Munira akashtuka, akajishika ubavu, akacheka.

"Jamani, huyu naye anapiga hodi!"

"Karibu, baba," akajibu Bi Mwajabu. Na vumbi, siku hiyo, likaachwa likae.