Mzee Aliyeambiwa Rudisha

Shafik Ghattas hakuja Mesaimeer, Doha, na kamera. Alikuja na kiti. Kila Ijumaa ibada ya Wakopti, Wakristo wa Misri, ikiisha, mzee huyo wa Kimisri alikikunjua kiti chake kwenye kivuli cha ukuta, pale Wakenya na Waganda wanaotoka makanisa ya jirani husimama wakisalimiana na kubishana siasa za kwao. Akakaa, akakohoa, akasikiliza. Miezi miwili mizima hakumuuliza mtu swali.

"Huyo mzee ni CID," Benard aliapa. Benard alikuwa mlinzi wa lango kwenye jumba moja la maduka, na kazi hiyo ilimfundisha kumshuku kila aliyekaa kimya.

Milka ndiye aliyemwendea. Kabla ya kupata kazi ya dobi hotelini alikuwa amefanya kazi nyumba ya watu miaka minne, hivyo Kiarabu alikuwa nacho, Kiarabu cha jikoni, cha kuamrishwa na kujibu.

"Mzee, kila wiki unatutazama kama sinema. Tiketi umekata?"

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Wamisri waliokuwa karibu walimkimbilia na maji, wakamwita Ustadh kwa heshima, na mmoja akamkemea Milka: hujui unaongea na nani?

Basi ijulikane alikuwa nani, maana magazeti ya kwao yalichagua kusahau. Shafik alizaliwa Shubra, Kairo, mtoto wa mpiga pasi. Katika miaka ya sabini studio za mji ule zilikuwa zikijenga vichochoro vya mbao na rangi, na ndani yake watoto wa wakubwa wakijifanya maskini, uso umepakwa masizi, kucha zimechongwa. Shafik aliitoa kamera studio, akaificha kwenye mkokoteni wa mboga, akaingia nayo kichochoro chenyewe. Aliyeigiza mpiga pasi alikuwa mpiga pasi. Bodi ya udhibiti ikainyonyoa filamu ile kama kuku wa sikukuu, na waandishi wakalalamika kwamba anaivua Misri nguo mbele ya wageni. Akatengeneza ya pili, wakaifungia. Akatengeneza ya tatu. Uzee ukamkuta na filamu saba, nyumba hana, gari hana, na mapafu ndiyo yale. Wenye majumba ya sinema walipoacha kupokea hata simu zake, stesheni moja ya televisheni ya Doha ikamwita atengeneze filamu juu ya watu wanaoufanyia kazi mji huu, ikamdhamini na kumpa kibali cha kukaa.

Na alikuwa na desturi moja aliyoishika tangu ujana. Filamu ikikamilika, wa kwanza kuiona hawakuwa matajiri walioigharamia. Waliiona kwanza wale walio ndani yake, na yeyote kati yao akisema "ondoa", kipande kinaondolewa, hata kiwe kizuri namna gani.

Alipojua kwamba Milka anapiga pasi, alivua kiatu pale pale uani akaonyesha unyayo, mnene na mgumu kama wa mkulima. "Baba yangu alipiga pasi kwa mguu. Chuma kizito kiko juu ya ubao, mkono unashika mpini, unyayo unasukuma. Na mimi nilisukuma mpaka nikatimiza miaka kumi na minane."

"Basi wewe ni wetu," Milka akamwambia. "Lete hiyo kamera."

Hoteli ilitoa ruhusa, ikidhani itasifiwa usafi. Kamera ikakaa kwenye chumba cha dobi, chini kabisa ya jengo, mpaka watu wakaizoea kama ndoo. Ndiyo maana siku msimamizi alipomtupia Nasra shuka bichi miguuni, akidai lina doa, hakuna aliyekumbuka kwamba inatazama. Nasra, msichana wa Unguja aliyelala chumba kimoja na Milka, aliinama kuliokota.

Milka akaweka pasi chini. "Nasra, simama."

Kisha akamgeukia msimamizi na kumwambia kwa Kiswahili, kwa sababu hasira haina muda wa kutafuta lugha ya mtu: "Okota."

Msimamizi hakujua Kiswahili hata neno moja. Aliokota.

Wiki kadhaa baadaye ikaja simu kutoka kwao Ol Kalou kwamba baba yake Milka, mzee Gerishon, amefariki. Nauli na ruhusa vyote vilikataa. Mzee akazikwa bila yeye. Siku ya maziko Milka alikaa kitandani akalia, na Shafik, aliyekuwa akimpiga filamu hata chumbani kwake, alipotaka kuizima kamera, yeye ndiye aliyemzuia. Kaburini hakuwapo. Alitaka pawe na mahali panapoonyesha kwamba baba alililiwa na binti yake.

Mwanzoni mwa mwaka elfu mbili na kumi na moja filamu ikawa tayari, na Ijumaa moja wakaitwa kuitazama kwa mzee, kwenye nyumba yake ya vyumba viwili mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Pazia lilifungwa, sambusa ziko mezani, watu wamekaa mpaka sakafuni. Benard alipojiona langoni alipiga makofi. "Cheki kofia! Huyo si mlinzi, huyo ni jenerali!"

Ikaja sehemu ya dobi. Msimamizi akatupa shuka. Nasra akainama. Na papo hapo, bila neno katikati, Milka akatokea kitandani analia.

Milka hakungoja mwisho. Alisimama akafungua pazia, mwanga wa jua ukaifuta picha ukutani.

"Ustadh, mimi nilimwambia okota. Iko wapi?"

Mzee alivua miwani. "Ingekuponza, binti yangu."

"Haya. Na baba yangu alikufa lini? Kabla ya shuka au baada?"

"Baada."

"Basi mbona hapa yule anatupa shuka, halafu mimi nalia? Machozi ya baba yangu umempa yule mtu!"

Mzee akainuka, uso umemwiva. "Mimi nimelala mahabusu kwa ajili ya dakika mbili za mwanamke anayesugua sufuria! Wewe utanifundisha ukweli?"

"Sikufundishi. Nataka changu."

"Stesheni walisema mtazamaji humhurumia anayelia. Anayeamrisha hahurumiwi."

"Na nani ameomba huruma hapa? Benard, wewe umeomba?"

Benard alitafuta mahali pa kuficha sambusa. "Dada, wacha hiyo maneno. Sponsa wako akikuona kwa TV ukimwamrisha supervaiza, wiki ijayo uko Nairobi na begi. Utafungua kesi wapi?"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Katika mji ule mtu alihitaji idhini ya mdhamini ili kuhama kazi, alihitaji idhini yake hata kuondoka nchini, lakini kufukuzwa hakuhitaji chochote. Milka alilijua hilo kuliko Benard. Mdogo wake alikuwa chuoni kwa mshahara wa pasi ile.

"Nikirudishwa nitarudi kwetu nikiwa mimi," alisema. "Huyu anayeinama na kulia simjui. Mama akimwona, hatamjua pia."

Nasra alijifuta mikono. "Mie ndiye niliyetupiwa, si nyie. Siku ile nimeinama, nikanyanyuliwa. Hapa mmeniacha nimeinama. Mzee, rudisha."

Milka alipomtafsiria, mzee alikaa. Majuma yale vijana wa kwao walikuwa wamejaa uwanjani Kairo wakidai rais aondoke, na yeye alikuwa akiwatazama kwenye televisheni, blanketi magotini, akiwapigia kelele wasibanduke. Na kumbe mezani kwake, kwa mkono wake, alikuwa ameshaifanya kazi ya bodi ya udhibiti bila kuagizwa na askari.

"Maisha yangu yote," alisema taratibu, "watu wameniambia ondoa. Serikali, maaskofu, wenye fedha, hata jirani zangu. Rudisha sijawahi kuambiwa." Akanyoosha mgongo, na Milka akaona jinsi alivyokuwa mrefu zamani. "Haya. Inarudi."

Ikarudi yote. Machozi yakawekwa mwishoni, peke yake, na jina la mzee Gerishon likatajwa. Stesheni ikasema ama ile ya kwanza ama hakuna. Shafik akajibu hakuna. Wakaondoa udhamini, na aliyejikuta uwanja wa ndege na begi akawa yeye, si Milka. Pale mlangoni Milka alitaka kumwomba radhi, mzee akamkatiza: "Nimefukuzwa na watu wakubwa zaidi ya hawa."

Miezi ikapita. Ijumaa moja, Milka na wenzake wakiwa uani Mesaimeer, simu ililia. Ni Shafik, yuko ukumbini Shubra, na filamu iko ukutani. "Sikiliza," alisema, akaielekeza simu kwa watu.

Milka akaongeza sauti, Benard na wengine wakasogea. Mashine za dobi zikanguruma. Kisha ikaja sauti yake mwenyewe, kutoka Kairo, bila tafsiri: "Okota."

Ukumbi ukalipuka, vifijo, vigelegele, viti vinagongwa, mamia ya watu wanapaza neno moja.

"Wanasema nini?" Benard aliuliza.

"Wanataka arudishe nyuma, niseme tena," Milka alijibu. Akaileta simu mdomoni. "Ustadh, waambie hapana. Mimi nilisema mara moja tu, na akaokota."