Sahani Tupu Nayo Imeota

Wanahabari walikuwa wameshajaa ukumbini wakati Sindano alipofungua kabati la joto la kuoteshea vijidudu. Sahani yenye vumbi la kimondo ilikuwa na vidoa vya manjano, vile vile ambavyo maabara nzima ilivishangilia tangu juzi. Lakini sahani tupu iliyokaa kando yake, ambayo jana ilikuwa safi, nayo ilikuwa navyo.

Watafuta uhai nje ya dunia hawakati jiwe lililoanguka kutoka angani bila kuacha wazi, palepale, sahani isiyowekwa kitu. Kikiota humo chochote, kimetoka kwa waliomo chumbani.

Mkuu wa maabara alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke anayejua kutabasamu bila kufurahi.

"Itupe," Wifi alisema, akijipaka rangi ya mdomo mbele ya kioo cha kabati la kemikali.

"Wifi, vidoa ni vile vile."

"Basi umepiga chafya wewe."

"Mimi sikuvua barakoa. Uliivua wewe siku ya kulikata jiwe, ulipotaka picha itoke na meno yote."

Wifi akafunga rangi yake polepole. "Sikiliza, mke wa mdogo wangu. Mkataba wako unaisha mwezi huu, na wa kuusaini ni mimi. Fungua hilo domo huko ukumbini uone. Utamwaga unga, na hakuna maabara itakayokupa hata ufagio."

"Ufagio kaa nao. Una mate mengi ya kufagia."

Wifi akasonya, akachukua sahani ya kimondo, akatoka, viatu vikigonga sakafu kama nyundo.

Sindano alibaki na sahani tupu mkononi. Kazi hii ndiyo pekee aliyowahi kuitaka. Hakuwa na nyingine ya akiba. Alisimama pale mpaka makofi yakamfikia kupitia ukutani, ndipo akaenda.

"Leo tunajua kwamba hatuko peke yetu!" Wifi alikuwa akisema jukwaani, kichwa kimevimba.

Sindano alipita katikati ya viti, akaiweka sahani tupu mezani, ubavuni mwa ile ya kimondo. "Muulizeni mkuu," akawaambia wanahabari, "hii haikuwekwa jiwe. Kwa nini imeota viumbe wale wale?"

Makofi yakakatika. Mwanahabari mmoja wa mstari wa mbele akakuna kidevu. "Kwa hiyo hawa wageni wa angani ni…"

"Wenyeji wa kinywani mwa mtu."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Wifi alimkamata Sindano mkono, akamburuta hadi kwenye korido, akampigia mdogo wake simu, akamweleza yaliyotokea, akaweka sauti ya juu.

"Mke wangu," mumewe akasema kwa unyonge, "mwombe dada radhi, yaishe. Atausaini mkataba."

"Mbele ya wafanyakazi wote," Wifi akadakia. "Na useme ulichanganya sahani."

Sindano akajinasua mkono. Akavua koti jeupe, akalitundika kwenye kitasa cha mlango wa Wifi.

"Usisaini. Jiwe limesafiri kote huko kuja kwetu, ukalitemea mate ukaliita ugunduzi. Sikuchanganya chochote, na radhi siombi. Si kwako, si kwa mdogo wako, si kwa mtu yeyote."