Mama Anaomba Kuaga

Mdogo wangu Kilian ana sauti ya bibi yetu marehemu, na hapo simtukani. Bibi Ottilia, aliyemzaa baba yetu, alivuta kiko tangu usichana wake mpaka sauti ikashuka chini kuliko za wanaume wengi wa Mkumbi. Kilian naye anaimba besi kanisani. Bila sauti hiyo, leo mama yangu angekuwa analala nyuma ya kufuli, na mimi na Kilian tungekuwa hatusemezani.

Mama yetu anaitwa Kunigunda. Alizaliwa Lituhi, ziwani, akaolewa huku mlimani akiwa na miaka kumi na tisa, akalima kahawa na mahindi mpaka mgongo ukapinda. Miaka miwili iliyopita kumbukumbu zilianza kumtoka. Daktari alisema ni ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, hauponi, kazi yetu ni kumlinda asije akapotea. Mchana hana shida. Anachambua maharage, ananisimanga kwamba natia chumvi nyingi. Usiku ndipo anapoamka, anafunga kanga mbili na sahani moja kwenye kifurushi, anaelekea mlangoni.

"Nakwenda kwetu," anasema.

Neno hilo lilikuwa linanichoma. Mimi Devotha nimezaliwa katika nyumba hii, nikaolewa, nikaachika (mume alinishinda, au mimi nilimshinda, inategemea unamuuliza nani), nikarudi hapa hapa kumtunza. Sasa kama kwao si hapa, mimi ni mtoto wa wapi?

Ijumaa moja dereva wa lori la makaa ya mawe alimkuta saa tisa usiku, anatembea katikati ya barabara na kifurushi chake kichwani. Alimpakia akamrudisha. Ajabu ni kwamba mama ndiye aliyemwelekeza njia, kona kwa kona, mpaka mlangoni kwetu, huku akisisitiza kuwa nyumba hii haijui na watu wake hawajui. Tena njiani alimgombeza dereva kwa kuacha vifungo vya shati wazi. Kijana wa watu alinikabidhi mama akiwa amefunga vifungo mpaka kooni.

Kulipokucha Kilian alifika na kufuli kubwa la kufungia ghala.

"Dada, tutamfungia kwa nje," alisema.

"Mama si mbuzi."

"Lori lingemgonga!"

"Na nyumba ikishika moto? Utamtoa kwa kuimba besi?"

Tuligombana. Watu wanasema nilitupa sufuria. Ni uongo, nilitupa kifuniko tu. Mwisho tulipatana: nipewe mwezi mmoja nitafute njia nyingine, lakini mama akifika tena barabarani, hata mara moja, kufuli linafungwa na mimi nanyamaza. Kunyamaza, mimi! Kwa hiyo mnaona jinsi nilivyokuwa nimebanwa.

Nilianza na kengele ya mbuzi. Niliifunga mlangoni ili mlango ukifunguliwa inizindue. Usiku huo niliamshwa si na kengele bali na mbuzi. Mama alikuwa ameifungua taratibu, ameipeleka zizini, na alikuwa anahangaika kumvisha mbuzi mwenyewe. "Mbuzi bila kengele atapotea," aliniambia, "na wewe umelala tu."

Halafu Glorious, binti wa Kilian anayesomea uuguzi Dodoma, akatutumia ujumbe wa simu. Eti wagonjwa wa namna hii huogopa shimo. Tandikeni kitambaa cheusi mbele ya mlango, babu na bibi wakikiona hudhani ni shimo, hurudi kulala. Huko kwenye vitabu vyake labda. Lakini sisi hapa tunalima ngoro. Tunachimba mashimo mteremko mzima na kupanda kwenye kingo zake, na mama amechimba mashimo hayo miaka hamsini. Shimo halimtishi. Nilipokitandika kitambaa aliliona hilo shimo, akachukizwa kwamba kuna mtu kaliacha bila kulimaliza, akaenda jikoni kuchukua jembe. Nilipofika alikuwa amebandua saruji ya sakafu upana wa sinia.

"Kingo zenu mbovu," alisema, akanipa jembe nimalizie.

Wiki ya pili ikaisha hivyo. Nilikuwa silali, na nikikosa usingizi hata kuku wananikwepa. Kilian alinionea huruma, au aliwaonea huruma kuku, akasema atakuja kulala kwetu tulinde kwa zamu. Tukamtandikia kwenye chumba cha zamani cha Bibi Ottilia, ambacho siku hizi tunaweka magunia ya kahawa.

Usiku wa kwanza, ambao ulikuwa zamu yake, alilala kama gogo. Mimi nilisikia mama anaamka nikatoka haraka, nikamkuta ukumbini na kifurushi chake. Hakuelekea mlango wa nje. Alipiga magoti mbele ya chumba cha Bibi, akainamisha kichwa.

"Hodi, mama. Naomba kuaga. Nakwenda kwetu."

Enzi zao mkwe hakuingia chumbani kwa mama mkwe wala kumtazama usoni. Walisemezana mlango ukiwa katikati. Na mke aliyefunzwa vizuri hakutoka kwenda kwao bila kumuaga mama mkwe wake. Nadhani zile siku nyingine aliaga pia, akajibiwa kimya, akakichukulia kimya kuwa ndiyo ruhusa. Siku hiyo ndani kulikuwa na Kilian, ana mafua, ana usingizi, amekasirika.

"Kwenda wapi usiku wote huu?" alinguruma.

Mama alishtuka. "Nisamehe, mama," akasema, akainuka, akarudi kitandani, akalala mpaka jua likatoka.

Nilimwamsha Kilian kwa teke la furaha.

Tangu siku hiyo Kilian akawa Bibi Ottilia. Kila usiku mama alibisha hodi, na kila usiku mama mkwe alikuwa na udhuru. Leo mvua inakuja. Leo unga haujasagwa. Leo huna kuku wa kupeleka kwenu. Leo hakuna wa kukusindikiza, subiri kesho. Mama aliitikia kwa adabu na kurudi kulala. Mwezi ukaisha, barabarani hakufika, kufuli likabaki linaning'inia kwenye msumari, na mimi nikaanza kunenepa.

Ila mpe Kilian shibiri, atadai futi. Siku moja alfajiri mama alinijia jikoni akiwa na uso wa kazi.

"Mama mkwe ameagiza uchinje yule jogoo mwekundu."

Mama husahau jina langu, husahau kama amekula. Agizo la mama mkwe hakulisahau! Nilimchinja jogoo nikilia kwa hasira, na Kilian akala mapaja yote mawili akisema ni amri ya wakubwa. Kesho yake Bibi Ottilia akaagiza Devotha afue mashati ya Kilian. Keshokutwa akaagiza Devotha apunguze ukali. Hapo nilimvamia chumbani na mwiko, na magunia ya kahawa hayakumficha.

Jirani yetu Romanus, aliyekuwa anapita usiku akitoka anakojua mwenyewe, akaisikia sauti dirishani. Alimfahamu sana Bibi Ottilia, aliwahi kufukuzwa naye kwenye miti yetu ya mapera. Kufikia Jumapili kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba marehemu amerudi na anataka jogoo. Jumatatu usiku katekista Nazari akaja na maji ya baraka. Kabla sijamweleza, mama akatoka na kifurushi, akapiga magoti, akabisha hodi.

Ndani kimya. Kilian alikuwa amesikia sauti ya katekista. Mama akasubiri. Akabisha tena, kisha akaanza kuinuka ili aende zake, maana kimya ni ruhusa. Nikagonga ukuta kwa ngumi.

"Subiri kesho, mwanangu," ikatoka sauti, nzito lakini inatetemeka. "Kuna baridi."

Mama akarudi kulala. Mwalimu Nazari alisimama na kichupa chake cha maji, akausogelea mlango.

"Kilian," alisema kwa upole, "sauti hiyo ndiyo tunayoikosa kwenye mazoezi ya kwaya. Jumatano mbili hujaja."

"Nakuja Jumatano hii, mwalimu," alijibu Bibi Ottilia.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Katekista alibariki nyumba hata hivyo, asirudi na maji.

Kicheko hakikudumu. Usiku mmoja mama alipiga magoti na hakuwa na kifurushi kile cha siku zote. Alikuwa na unga kwenye mfuko na tetea chini ya kwapa, amemfunga miguu barabara. Maneno ya mama mkwe yalikuwa yamemwingia moja moja, na yeye amekuwa anayatimiza.

"Unga huu, mama. Kuku huyu. Mvua haipo, nimetazama." Kisha nikamsikia analia. "Nimeolewa hapa ningali msichana. Sijakukatalia maji, sijakukatalia kuni. Nimekukosea nini hata unizuie kwenda kwetu?"

Mimi niliyekuwa nachungulia kutoka jikoni nilitamani ardhi inimeze. Tulikuwa tumemfungia mama yetu bila kufuli, na tulikuwa tunajipongeza. Kilian alipojibu, ile sauti ya mchezo haikuwemo.

"Hujanikosea kitu, mwanangu. Kesho asubuhi nenda. Devotha atakusindikiza."

Nilidhani asubuhi atakuwa amesahau. Nilimkuta amevaa viatu.

Basi tukateremka Lituhi, mimi, mama na tetea. Mjomba Frederick, mdogo wake mama, alitupokea kwa vifijo, akatukaangia samaki wabichi wa ziwani, mbasa. Mama alikula, akacheka na wifi zake, akawasimanga kwa chumvi. Jioni alikaa ufukweni akiwa ametulia kabisa. Nikajisemea, hapa ndipo kwao kweli, ameshafika. Nitamwacha. Mimi nitarudi Mkumbi kuishi na magunia. Ilinivunja moyo, nisiseme uongo.

Lakini nyumba ya mjomba haina uzio, na maji yako hatua hamsini. Mjomba alisema ana komeo na kufuli, nikamwambia asithubutu. Nikatandika mkeka wangu kizingitini, nikalala kukatiza mlango. Kumruka mtu aliyelala ni utovu wa adabu, na adabu ndiyo kitu pekee ambacho ugonjwa haujamnyang'anya mama.

Usiku wa manane nikahisi mkono begani. Mama alikuwa amepiga magoti kando yangu, na kifurushi chake kando yake.

"Shikamoo," aliniambia.

Mama aliyenizaa ananiamkia mimi shikamoo! Alidhani mimi ndiye mwenye nyumba, mtu mzima wa kuheshimiwa. Kumwitikia mama yangu ni kujitafutia laana, kutomwitikia ni kumwaibisha, naye alikuwa amepiga magoti anangoja.

"Marahaba," nikasema, Mungu anisamehe.

"Naomba kuaga. Mmenipokea vizuri, mmenilisha, asanteni. Sasa nakwenda kwetu."

"Kwenu wapi, mama?"

"Mkumbi," alisema, akanishangaa kidogo, kama vile kila mtu anapaswa kujua. "Huko juu. Nimeacha mtoto."

"Mtoto gani?"

"Devotha. Wa kike huyo." Akasogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya familia. "Ana hasira, jamani! Anatupa sufuria. Akiamka asiponikuta ataamsha kijiji kizima."

"Ni kifuniko tu," nikasema.

"Sufuria," alisema mama. "Mimi namjua."

"Sasa mbona unamrudia mtu mkali hivyo, usiku, peke yako?"

Mama alinitazama kana kwamba nauliza maswali ya kijinga.

"Si wangu?"

Nililia pale pale, kwa sauti, sikujali mjomba ataamka. Mama alinipangusa uso kwa ncha ya kanga yake, akanipa pole, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa. Nikamwambia mimi pia naelekea Mkumbi, gari linaondoka asubuhi, tungoje kupambazuke tufuatane.

"Unajua njia?" aliuliza.

"Kidogo."

"Basi nitakuonyesha," alisema, akaweka kifurushi chini, akanisukuma kwa kiuno nisogee, akalala kwenye nusu ya mkeka wangu.